Saa ya Mwijage ya Kufungua Mizinga

Ukitaka kufungua mzinga hapa Buganguzi utapata washauri wengi kuliko nyuki wenyewe. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alisema saa nne asubuhi, jua likishakolea na nyuki wengi wametoka kwenda kwenye maua. Kweli kabisa. Ila saa nne jirani wa mfugaji wetu Mwijage yuko kwenye kahawa yake, hatua ishirini kutoka kwenye mizinga, na mbuzi wamefungwa papo hapo. Mbuzi mmoja alishakufa kwa kuumwa na nyuki. Tangu hapo Mwijage akachagua saa kumi na moja jioni: watu wametoka vibanjani, kwenye kahawa na migomba yao, na nyuki wakikasirika, giza litawarudisha ndani.

Saa hiyo iliwafaa nyuki, yeye haikumfaa. Ndiyo saa wanaume wanapokaa kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Akimaliza kazi na kuwafuata, ananuka moshi, na nyuki wawili watatu wamemng'ang'ania kwenye kola.

"Waitu, kaa huko huko na wanao!" walimwambia wakicheka.

Ulikuwa utani tu, lakini taratibu akazoea kurudi nyumbani moja kwa moja. Mkewe, Rosalina, ana mwaka wa nne kaburini. Mwijage anapika ndizi za mtu mmoja, na bado zinabaki.

Basi binti yake Joviana, anayeishi Bilele mjini Bukoba, akapiga simu kwamba Jumamosi anakuja na mtoto. Mtoto ana miaka mitatu na babu yake hajawahi kumwona ila kwenye picha. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Wangefika saa tano na kuondoka saa tisa. Mwijage akaapa kwamba mjukuu ataonja asali iliyotoka mzingani, si ya chupa. Angeivuna Ijumaa jioni. Ijumaa jioni mvua ikanyesha mpaka usiku.

Hapo mzee mzima akafanya ujinga. Jumamosi saa moja asubuhi, baridi kali, migomba inadondosha maji, nyuki wote wamo ndani, akaenda kufungua mzinga mkubwa. Alijua. Miaka kumi na tisa anafuga nyuki, alijua kabisa, lakini furaha ilimpofusha.

Walimtokea wote. Alipata masega mawili, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Ilipofika saa tano walikuwa bado wametanda uani, wanagonga vioo vya dirisha.

Simu ikalia.

"Tata, tuko huku juu barabarani. Wa bodaboda amekataa kushuka, na mtoto ameumwa na nyuki sikioni. Analia sana."

"Ngojeni kidogo mwanangu, watatulia."

"Saa ngapi?"

Mwijage akachungulia uani. Hakuna swali alilolijua vizuri kuliko hilo.

"Jioni," akasema.

Waliondoka. Yeye akabaki dirishani na bakuli la asali mapajani, akalia. Sioni sababu ya kumfichia, alilia.

Jioni, nyuki walipoingia, alipanda barabarani hadi dukani kwa Mushumbusi, ambako Joviana alikuwa amemwachia mkate na sukari. Mushumbusi alikuwa anafunga.

"Mjukuu wako nimemwona," akasema. "Paji la uso ni lako lile. Na muda wote aliokuwa analia alikuwa anauliza, babu yuko wapi?"

Mwijage akamwomba asifunge kwanza, amweleze tena tangu mwanzo, na asiruke kitu.