Mayai Viza

Oddrún aliajiriwa na wilaya kuupima mto, na yeyote aliyelalamika kwamba mto unanuka alimwona mshamba tu. Chini ya shule ya bweni kuna bomba linalomwaga mtoni maji yaliyokwisha kuzungushwa madarasani na mabwenini kupasha joto vyumba. Maji hayo hutoka ardhini yakichemka, yana kiberiti, yananuka mayai viza, na huku Iceland mtu huzaliwa katika harufu hiyo na kuzeeka nayo. Oddrún alipima joto, akapima chumvi, akajaza chupa zake. Vijidudu hakupima. Nani apime vijidudu kwenye maji ya moto? Maji ya moto ni dawa, maji ya moto huua kila kitu, bibi yake alimfundisha hivyo, na bibi yake alikufa na meno yake yote.

Hatua chache chini ya bomba, ukingoni mwa mto, palikuwa na kidimbwi kilichozungushiwa mawe. Humo baba yake, mzee Thorlakur, aliloweka mguu kila siku tangu kondoo dume alipomkanyaga vidole, wakati wa kuteremsha kondoo kutoka milimani. Kidonda kilikuwa kikaidi. Kilipona kwa vidonge, kikafumuka tena, na sasa uvimbe ulikuwa unapanda. Daktari hakuficha: ukivuka kifundo, mguu utakatwa.

"Loweka zaidi, baba," Oddrún alimwambia. "Acha uvivu."

Danuta, Mpolandi aliyepika pale shuleni, alimkuta siku moja mlangoni pa jiko na chupa zake mkononi.

"We Oddrún, hiyo ni pua au ni pambo?"

"Mayai viza hayo, mama. Miaka yote hii hujazoea tu?"

"Mayai nayajua, navunja trei nzima kila asubuhi. Hayo ni mavi. Tangu wajenge vyoo vipya vya bweni, mto wenu unanuka mavi."

"Kumbe! Na kwenu mito inanuka nini, maua?"

"Kwetu inanuka mavi pia. Ndiyo maana nayajua."

Jiko zima likaangua kicheko. Oddrún akaona haya, kisha akapandwa na hasira. Mgeni amfundishe yeye mto wake! Juu ya meza palikuwa na sufuria kubwa ya maji ya bitiruti, mekundu, mabaki ya supu ya kina Danuta.

"Chukua hayo, kayamwage yote kwenye choo cha bweni," akasema. "Mimi nakwenda kukaa mtoni. Yasipotokea, utaniomba radhi hapa hapa, mbele ya wenzako."

"Na yakitokea?"

Oddrún alikuwa ameshashika njia ya mtoni.

Alimkuta baba yake kidimbwini, suruali ameikunja hadi magotini, akiimba. Akakaa juu ya jiwe, moyo umetulia, anapanga maneno ya kumsuta Danuta. Mara maji yakaingia uwaridi. Yakakolea. Yakamzunguka mzee miguuni, mekundu.

"Oddrún! Natoka damu!"

Kipande cha karatasi laini kilikuja kikielea, kikamnata mzee kwenye kifundo, juu kidogo tu ya uvimbe. Ndipo pua ya Oddrún ilipozinduka. Chini ya mayai kulikuwa na harufu nyingine, na aliijua. Alikuwa akiinusa tangu majira ya kuteremsha kondoo na kuiita kawaida. Akamvuta baba yake nje, kisha akageuka akatapika juu ya mawe.

"Si damu, baba. Ni bitiruti."

"Bitiruti imefikaje mtoni?"

"Imepitia chooni."

Mzee akautazama mguu wake, akakitazama kidimbwi.

"Na mimi hunawa uso humu," akasema.

Mwalimu mkuu, Hjalti, alikuwa anakunywa kahawa Oddrún alipoingia ofisini kwake. Akaeleza kwamba fundi aliunga vyoo kwenye bomba la karibu ili kazi iishe upesi. "Lakini dada, usiwe na wasiwasi. Maji ya moto huua kila kitu."

Oddrún alitamani kumtemea mate. Kilichomzuia ni kwamba maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno, na kuyasikia katika kinywa kingine kulimtia kinyaa kuliko kile kidimbwi.

"Yakifika mtoni ni vuguvugu, mwalimu. Vijidudu wanaoga humo kama sisi. Ziba bomba leo."

Likazibwa. Mguu wa mzee ulibaki. Vidole viwili havikubaki.

Kidonda kilipofunga kabisa, Oddrún alimjazia baba yake beseni la kuogea nyumbani, maji ya moto moja kwa moja kutoka kwenye chemchemi. Akainama akanusa. Mayai. Akanusa tena. Mayai, au? Akapiga magoti, akaisogeza pua hadi ikagusa maji, na bado hakuwa na hakika. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani.

"Vipi, niingie?"

"Subiri kwanza, baba."

Akachukua simu.

"Danuta, dada yangu," akasema, "njoo mara moja. Njoo uninusie maji."