Wezi wa Ng'ombe wa Jumamosi

Kabla sijafungua chumba changu cha ushonaji hapa Morotonga, nilikuwa nafua mashuka kwenye kambi moja ya watalii pembeni ya hifadhi. Kuna masika mvua ilinyesha siku nne mfululizo, magari yakashindwa kutoka, na wageni watatu wakabaki wanatazamana hemani. Mmoja wao alikuwa na kijitabu chembamba na dadu mbili. Walihitaji mtu wa nne, wakaniita kutoka kwenye mashuka.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anajitungia mtu wa kuwa: kazi yake, mambo matatu anayoyaweza, na udhaifu mmoja. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje?" Kila mtu anasema atakalofanya, na likiwa gumu anarusha dadu. Ukipata namba kubwa umefaulu. Ukipata ndogo umeshindwa, lakini kanuni inasema kushindwa lazima kuzae jambo jingine, hadithi haisimami. Yule mgeni aliniambia hata kwao wanaoujua ni wachache. Kuna mwingine wa aina hiyo, wenye majoka na mapanga, ndio unaopendwa. Huu ni wa wabishi. Nikaona nimepata wa kwangu. Alipoondoka aliniachia kijitabu na dadu, nami nikakitafsiri chote kwenye kaunta buku.

Kilichonishinda ni wachezaji.

Nilianza kwa njia ya haki. Nilimweleza jirani yangu muuza viatu. Akauliza mshindi anapata nini. Nikamwambia hakuna mshindi.

"Unaisha saa ngapi?"

"Hauishi. Mnaendelea wiki ijayo."

Akaniangalia kama mtu aliyeletewa kiatu kisicho na soli. Nikajaribu kwa akina mama wa kwaya waliokuja kupimwa sare. Walivyoziona dadu tu, mmoja akasema kwa upole kwamba hiyo ni kamari, wakachukua mikoba yao. Nasikia niliombewa Jumapili mbili.

Basi njia ya haki nikaiacha.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama mwalimu mstaafu, aliyewahi kuchapa nusu ya watu wazima wa hapa mtaani. Alipokuja Jumamosi kuchukua gauni lake, nilimwambia bado kidogo, avumilie saa moja. Lilikuwa tayari tangu Alhamisi, nilikuwa nimelikalia. Siku hiyo hiyo alikuwepo kijana mmoja mchimba dhahabu wa Kerende, mwenyeji wa Shinyanga, aliyekuwa akija kila Jumamosi kumsalimia dada yake aliyeolewa huku. Yeye alikuwa amekaa amejifunga kitenge changu kiunoni, maana suruali yake ilikuwa kwenye cherehani. Hawa wawili hawakuwa na pa kwenda.

Nikaanza kama mtu anayepiga soga. "Mama mwalimu, chukulia wewe ni mfanyabiashara, unapeleka dume mnadani. Umefika njia panda, askari wa mnada anataka kibali, na huna. Ungefanyaje?"

"Ningerudi nyumbani kukitafuta," akasema.

"Kimeliwa na mbuzi."

Akafikiri. "Basi ningemwuliza huyo askari alisoma wapi."

Kijana akacheka, akasema yeye angejifanya ndiye daktari wa mifugo. Nikampa dadu. Akarusha, akapata sita na tano. Nikamwambia askari ameamini, na sasa anaomba amtazamie mbwa wake anayeumwa. Suruali ilikwisha, gauni nikalitoa, na hakuna aliyesimama.

Jumamosi iliyofuata walikuja bila nguo ya kushona.

Ndipo nikajua tabia ya mama mwalimu. Nilidhani atachagua kuwa muuguzi, au mwinjilisti. Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: mwizi wa ng'ombe. Kwenye udhaifu akaandika: hawezi kunong'ona. Kijana akamwuliza kama ana uhakika.

"Miaka thelathini na nane nimekuwa mtu mwema," akasema. "Niache."

Wiki ya tatu walipanga kuiba ng'ombe kumi na wawili wa mwenyekiti wa kijiji, kijiji cha kwenye hadithi. Mama mwalimu alisimama, akaeleza kwa sauti ya paredi: "Mimi nakata ua wa nyuma. Wewe unawatoa mmoja mmoja. Tunawapitisha Mbalibali kabla hakujapambazuka, na asiwepo wa kukohoa." Dirisha lilikuwa wazi, na nje alikuwepo mtu anayesubiri zipu.

Hatukumaliza hata kugawana ng'ombe. Mlango ulifunguliwa akaingia kamanda wa sungusungu, mkubwa wa walinzi wetu wa jadi, ana fimbo mkononi na filimbi shingoni. Wenzake wawili walibaki mlangoni.

"Shikamoo, tata," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu huku.

"Marahaba. Nimeambiwa humu kuna mpango wa ng'ombe kumi na wawili."

Nikaficha dadu, jambo ambalo halikunisaidia. Huku mambo ya ng'ombe hayana utani. Mtu anaweza kupelekwa ritongo, mbele ya baraza la wazee, kwa maneno madogo kuliko yale. Kijana wa Kerende alikuwa ameshaanza kutazama dirisha.

"Mwizi ni nani?" kamanda akauliza.

"Ni mimi," akasema mama mwalimu bila kusimama.

Kamanda alimtazama, akavua kofia. "Shikamoo, mwalimu." Mama mwalimu ndiye aliyemfundisha hesabu darasa la nne, na nadhani kamanda alikuwa bado anamwogopa.

Nilimpa kaunta buku asome. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nikaeleza kwamba ng'ombe hao hawapo, mwenyekiti hayupo, hata ua haupo. Akafunga daftari, akageukia kijana.

"Wewe mura, ndiye ulipanga njia ya Mbalibali?"

"Tulipanga wote, mzee."

"Mbaya. Ng'ombe kumi na wawili baada ya mvua, kwato zote zinabaki. Ningewakamata kabla ya saa nne asubuhi."

Hapo nikaona mlango umefunguka mwenyewe. "Usingewakamata, tata," nikamwambia.

"Nani, mimi?"

"Unaweza kujaribu." Nikamsogezea stuli na karatasi tupu.

Wenzake wawili wakaambiwa watangulie. Alijiandikia mambo matatu anayoyaweza, yote matatu yakiwa ni kufuata nyayo. Nikamwambia lazima aandike na udhaifu. Akasema hana. Mama mwalimu akamwambia, "Andika hesabu," akaandika.

Akarusha dadu kuwafuata wezi. Mbili na moja. Akaziangalia kama shahidi aliyemgeuka. Nikasimulia kwamba ameteleza, ametumbukia mtoni, maji ni ya kifua, na filimbi imejaa tope. Kisha nikawauliza wezi wanafanyaje. Kijana alitaka kukimbia na ng'ombe. Mama mwalimu akarudi na kamba akamwopoa, halafu, mtu huyu akiwa bado anakohoa maji, akamwuliza saba mara nane.

Kamanda alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumwona akicheka. Wakati wa kuondoka alisema uchunguzi haujafungwa, na Jumamosi atakuja.

Alikuja, na hajakosa hadi leo, ila siku za msiba. Baada yake sikuhitaji hila tena. Watu walisema kama kamanda mwenyewe anaingia mle, basi si kamari, na wawili wa kwaya walirudi kimyakimya. Sasa tuko tisa, meza mbili.

Kijana alitoa kopi ya daftari langu akaenda nayo Kerende. Mwezi uliopita alinipigia simu, akaniuliza kama inaruhusiwa hadithi iwe ya watu wanaorudi makwao tu. Wenzake kule ni wa Tabora, Kigoma na Singida, na hakuna aliyetaka ng'ombe wala majoka. Kila mmoja anataka kusafiri afike kwao, na wengine wamsindikize.

Nikamwambia inaruhusiwa. Nikamwuliza wamefika wapi.

"Bado stendi," akasema. "Wiki ya tatu hii. Wa Kigoma hataki kupanda basi bila godoro lake, na kila akirusha dadu kumshawishi kondakta anapata moja na moja."