Shahada ya Mzee Kombo

Mdogo wangu Eliudi ni mtu wa kazi na mtu wa kanisa, na kama si mvua ile ya alasiri kwenye barabara ya Pangani, nisingekuwa na la kusimulia juu yake. Alizaliwa Amani, kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai, nami nilimbeba mgongoni mama alipokuwa shambani akichuma. Nilipoolewa Tanga mjini nikamwita, akajifunza udereva, akapanga chumba Mabawa jirani na kwangu. Kazi yake ilikuwa kuendesha Canter ya nazi kutoka mashamba ya Mwera mpaka sokoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga hata kuku. Nayasema haya kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanasema "yule aliyegonga akakimbia," na mimi nikisikia damu inanichemka, ingawa ni kweli.

Ni kweli kabisa. Alinieleza yote siku ileile, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kibarazani kwangu, jasho linamtoka na huku kuna baridi ya mvua. Waipa ya upande wake ilikuwa mbovu, akawa anaendesha huku anapangusa kioo kwa kitambaa. Alipoinua macho, mzee na baiskeli yake walikuwa mbele ya bampa. Akasimama mbele kidogo, injini inanguruma, akatazama kwenye kioo cha pembeni. Mzee amelala ukingoni, gunia la mchele limepasuka, na mkono wake mmoja unajongea. Barabara ilikuwa tupu. Madereva wana kanuni yao, wanafundishana tangu wakiwa utingo: ukigonga usishuke, utapigwa mawe na gari litachomwa, nyoosha mpaka kituo cha polisi. Eliudi akanyoosha. Alipokifikia kituo, ujasiri ukamwisha, akakipita, akaenda kushusha nazi sokoni.

"Ulimwona anajongea?" nikamuuliza.

"Nilimwona, dada."

"Na hao watu wa kukupiga mawe walikuwa wapi?"

 Mkono ulinipwita nimzabe kibao, mtu mzima mwenye mke na watoto. Asubuhi nikampeleka polisi mwenyewe. Akaandikisha maelezo kwamba alisimama kidogo kisha akaondoka. Tukaambiwa mzee alishafariki. Waliomwokota walimkuta amekwisha poa. Jina lake Kombo, Mpemba aliyehamia Mwera ujanani, mkulima wa mpunga. Alikuwa anatoka mashineni kukoboa.

Eliudi alipopewa dhamana, jambo la kwanza alilotaka ni kwenda kuhani msiba. Nikamwambia huo ni wazimu.

"Nitakaaje nyumbani, dada? Nimeua mtu, hata pole sijasema."

Tukaenda, mwenyekiti wa kitongoji akatutangulia. Tahiri, mtoto mkubwa wa marehemu, alitupokea mlangoni. Mjane, Bi Mwatum, alikuwa amekaa eda, na mwanamume wa kando hawezi kumwona mpaka miezi yake iishe. Lakini alitaka kusema na dereva. Basi Eliudi akaketishwa ukumbini, nje ya mlango wa chumba, pazia katikati. Mimi mwanamke nikaingizwa ndani, nikakaa mkekani, goti kwa goti na mjane.

Nilijiandaa kwa kilio na kwa matusi. Bi Mwatum akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, mie sikukuita nikulaumu. Weye ndiwe wa mwisho kuwa naye. Nambie, kafa na shahada?"

Sisi ni Walutheri, lakini mtu akiishi Tanga anajua uzito wa swali hilo. Mwislamu anatamani roho itoke ulimi umemtaja Mungu wake, na ulimi ukiwa mzito, basi awepo mtu wa kumtamkia sikioni.  Mimi moyoni naomba aseme, "Sijui, mama," yaishe.

"Alitamka, mama," sauti ya Eliudi ikasema. "Nilishuka nikamwinua kichwa. Alitamka, nikasikia."

Bi Mwatum akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, na wanawake wote chumbani wakaitikia. Akanishika mkono akaubana, akaniambia tangu msiba uingie hajapata usingizi, lakini leo atalala. Akaagiza tupewe kahawa. Niliinywa kwa aibu, macho yangu kwenye mkeka.

Njiani nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Alichojibu ni kwamba hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Mashitaka yakaja mawili: kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na kutosimama kutoa msaada baada ya ajali. Kaka yetu Noa kule Amani akakubali kuuza ng'ombe ili tuweke wakili. Nikampata Bwana Sadalla, mtu mzima, mpole, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Mimi ndiye niliyesimulia, Eliudi ameinamisha kichwa. Nikasema alisimama, akashuka, akamwinua mzee kichwa, akamsikia akitamka. Nilisema hivyo bila kupepesa. Nilitaka mdogo wangu asifungwe, na wala sikuona haya.

Wakili akaweka kalamu chini. "Hakimu anaweza kumhurumia aliyegonga. Aliyekimbia hamhurumii. Hilo shitaka la pili ndilo tulipiganie. Polisi uliandikisha kwamba ulisimama, hapo pazuri. Na kumbe mjane ulimweleza kabla hata hujashitakiwa. Akitoka eda tutamwita. Mjane mwenyewe akisimama upande wako, hakimu atakuona mtu mwingine."

Hapo ndipo Eliudi alipoinua kichwa. "Ataapa?"

"Kila shahidi anaapa."

"Kwa msahafu?"

"Kwa msahafu, ndiyo."

Eliudi akashukuru, akanyanyuka, akashuka ngazi. Nilimkuta barabarani ameshikilia nguzo ya umeme.

Wiki nzima tuligombana. Nilimwambia Bi Mwatum atasema alichoambiwa, kosa lake liko wapi? Akasema kosa ni lake yeye, na hatamtia mama wa watu kwenye kiapo kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe nyuma ya pazia. Nikamwambia basi weka wakili, shahidi asiitwe. Akasema shitaka litasomwa mbele ya Tahiri, kwamba hakusimama. Akilikana anaendelea kudanganya, akilikubali mama atayapata kwa mwanawe. Leticia, mkewe, alimpigia magoti na mtoto kifuani. Kichwa kigumu yule, alilia pamoja na mkewe na hakubadilika. Akamwambia Noa asiuze ng'ombe. Akaniomba nimsindikize Mwera tena, maana bila mimi hana wa kumtazamia mama usoni upande wa ndani wa pazia.

Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nikachukua mtandio wangu.

Bi Mwatum alitupokea kwa furaha, ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa amenawiri kidogo. Alikuwa na ungo mapajani anachambua mchele, akanisogezea mkeka, akauliza hali ya watoto wa Eliudi. Kisha ile sauti ikaanza nyuma ya pazia, na nilimtazama usoni tangu neno la kwanza hadi la mwisho, maana hilo ndilo nililoitiwa. Eliudi hakuficha. Alisema hakushuka. Alisema aliuona mkono kwenye kioo, akaondoa gari.

Vidole vikasimama juu ya ungo.

"Kwa hivyo hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, mama."

"Na mkono wajongea."

"Ulikuwa unajongea."

 Nje mtu alikuwa anapasua kuni, nikawa nasikiliza hizo kuni. Mwisho Bi Mwatum akasema taratibu, si kwa hasira, laiti ingekuwa kwa hasira, "Ungeniachia lile la kwanza, mwanangu." Akageukia ukutani. Hatukuletewa kahawa. Eliudi alibaki ameketi pale ukumbini mpaka Tahiri alipokuja kumwambia aondoke.

Mahakamani alisimama peke yake. Aliposomewa shitaka la kwanza akasema ni kweli. La pili, ni kweli. Hakimu akamuuliza kama anayaelewa maneno anayoyasema, akasema anayaelewa vizuri. Leseni ikachukuliwa, naye akapewa miaka mitatu. Bwana Sadalla alikuwepo kwa kesi nyingine. Alinipita kwenye ngazi, akatikisa kichwa. Mimi mpaka leo nasema tungeweka wakili. Nasema kila siku, na Leticia sasa ananikimbia nikianza.

Naenda kumwona gerezani kila nikiruhusiwa. Amekonda, nywele zimeanza mvi. Watoto wake huwaulizia mwishoni. Kwanza, kabla hata ya kuniamkia shikamoo, anaweka uso kwenye wavu.

"Mama wa Mwera analala?"

"Analala," namwambia. "Analala vizuri, nimetoka kwake juzi."

Mwera sijakanyaga tangu siku ile.