Bakuli la Tanguy

Soazig Kerbrat alifua mashuka ya hoteli kwa miaka thelathini na minane, na siku aliyostaafu hakutaka saa ya ukutani wala shada la maua. Aliomba lile gari kuukuu la hoteli la kubebea nguo, akapewa. Tangu hapo kila Jumapili ya kiangazi alilipakia vikapu vitupu, akampitia shoga yake Marivonn, wakazunguka magulio ya vitu vya kale katika miji ya pwani ya Bretoni, magharibi mwa Ufaransa. Marivonn alitafuta vifungo vya nguo. Soazig alinunua chochote kilichowahi kukaa juu ya meza ya maskini: birika za bati, vijiko vya mbao, vibao vya mkate vilivyobonyea katikati kwa visu vya miaka.

"Nyumba yako imejaa mpaka panya wamehama," Marivonn alizoea kumwambia.

"Wamehama kwa sababu wewe huwaachii hata makombo."

Jumapili moja ya Septemba walifika Porz Gwenn mapema, ukungu ukiwa umelala juu ya gati kama blanketi bichi. Wauzaji walikuwa wamekwisha kutandaza vitu vyao kando ya ukuta wa bahari. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, hayaonekani. Watu walisikika kabla ya kuonekana, na walipopita waliacha sauti zao nyuma. Marivonn alisema ukungu ule unamtia njaa, akaenda kutafuta chapati ya ngano nyeusi yenye soseji.

Soazig akaendelea peke yake hadi mwisho wa safu. Hapo alikaa bibi mmoja juu ya kreti ya samaki, jina lake Léontine, mbele yake shuka lenye vitu visivyozidi kumi. Cha katikati kilikuwa bakuli la kahawa, jeupe lenye ukingo wa buluu na masikio mawili, aina ile ambayo kila mtoto wa kule huandikiwa jina lake. Lilikuwa na magamba ya baharini, na chini ya magamba yalisomeka maandishi: Tanguy.

Akina Tanguy ni wengi. Lakini sikio la kushoto la bakuli lile lilikuwa limevunjika, na mahali pake palikuwa na kitanzi cha waya wa shaba, kimeota kutu ya kijani. Soazig alikijua kitanzi kile. Baba yake ndiye aliyekipinda, mezani, kwa koleo, naye amemshikia taa.

Akachuchumaa.

Tanguy alikuwa kaka yake. Alipanda meli ya uvuvi akiwa na miaka kumi na tisa, Soazig akiwa na kumi na miwili, na meli haikurudi. Hakikupatikana hata kipande cha ubao. Mwaka mzima mama yao aliendelea kumimina kahawa ya Tanguy kila asubuhi na kuimwaga jioni. Kisha siku moja aliinuka na aproni yake, akaenda hadi ncha ya gati, akalitupa bakuli baharini pamoja na kahawa yake. Soazig alimfuata nyuma akaliona likizama. Mama alirudi, akaosha mabakuli yaliyobaki, na jina lile hakulitaja tena mpaka alipokufa.

"Umelipata wapi hili, bibi?"

"Mkwe wangu alilitoa wavuni." Léontine alimtazama kwa makini. "Nakwambia kabla hujashika. Nimeliuza mara tatu, na mara tatu limerudishwa."

"Linavuja?"

"Kuvuja ni maji kutoka ndani kwenda nje, mwanangu. Hili maji yanaingia. Ukiliacha kavu usiku, asubuhi lina maji ya chumvi. Si mengi. Kijiko kimoja hivi."

Soazig hakucheka. Alilichukua, akalipakata.

"Ni nani wako?" aliuliza bibi, kwa sauti ya chini.

"Kaka yangu."

Léontine akarudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kwa ajili ya pesa, akauficha chini ya shali. "Basi siuzi. Nenda naye."

Ndani ya gari Marivonn aliposimuliwa aliacha kutafuna. "Wee Soazig, ukome! Simamisha gari tulirudishe baharini sasa hivi."

"Mama alimtupa mara moja. Mimi simtupi mara ya pili."

Usiku ule alilikausha kwa kitambaa, akaliweka mezani mbele ya kiti cha dirishani, akaenda kulala, na kwa kweli alilala. Asubuhi palikuwa na maji ndani, matone yaliyokusanyika pamoja. Alichovya kidole akaonja. Bahari. Mikono yake ikafanya kazi aliyoiona ikifanywa utotoni: ilimwaga maji, ikachemsha maziwa, ikamimina kahawa mpaka kwenye ukingo wa buluu. Honi ya gari la mwoka mkate ikalia nje. Alitoka, akanunua mkate, akarudi, hazikupita dakika mbili.

Kahawa ilikuwa imefika nusu. Utando wa maziwa umepasuka upande mmoja, ule wa waya wa shaba.

Soazig alivuta kiti akakaa upande wa pili. Akaanza na lililomjia kwanza, kwamba mbwa wao alikufa kwa uzee, wala hakugongwa kama watu walivyosema. Akaendelea na baba, na mama, na ndoa yake iliyodumu miaka sita, na mashuka ya hoteli. Alisema mpaka saa sita mchana, na kahawa iliyobaki ikapoa bila kuguswa. Toka siku hiyo maji hayakuingia tena bakulini.

Alhamisi Marivonn alikuja na keki ya siagi, akijifanya amesahau yote. Hakuambiwa lolote. Alivuta kile kiti cha dirishani, akakaa, na papo hapo akaruka, ameishika sketi kwa nyuma.

"Mungu wangu! Kiti chako kimelowa chepechepe!"

Soazig alimpa taulo. "Njoo ukae huku kwangu," alisema, akakata keki vipande vitatu.