Taa ya Maziwa ya Mama

Kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina likamganda mpaka mvi zikaanza kumchungulia. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mama alipopigwa na kiharusi, dada na kaka walikuja, wakakaa kwenye sofa, wakatazamana, kisha macho yote yakamwangukia yeye.

"Wewe huna mume wala watoto wa kukushika mguu," dada alisema, kama mtu anayetoa zawadi.

Kitinda akafunga kibanda chake, akahamia kwa mama.

Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha. Kitu kimoja tu mama aling'ang'ania kukifanya mwenyewe: kupasha maziwa yake. Masikio yalikuwa yameshachoka, hasikii mvumo wa maikrowevu wala kengele yake. Lakini akiona kile kimwanga cha manjano kimewaka ndani na kikombe kinazunguka, alitulia kwenye kiti chake cha magurudumu na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unamtii. Mwanga ukizimika, anajua maziwa tayari.

Basi balbu ikaungua. Mashine ilipasha kama kawaida, ila ndani giza tupu. Mama akawa anafungua mlango katikati ya kazi na kuuliza, "Imewaka?" Ukimwambia imewaka, haamini. Maziwa yakatoka vuguvugu, akayainua kwa mkono mmoja, yakamwagika kifuani.

"Nipashie wewe," alisema siku moja, na hakuomba tena kusogezwa jikoni.

Kitinda alimpigia kaka yake. "Ni balbu tu, kaka. Nitumie fundi."

"Nitamtuma."

Akampigia dada. "Jamani, na balbu nayo ya kunipigia simu kazini?"

Fundi hakuja. Mama akafa.

Msiba ulipokwisha, ndugu waligawana vitu. Kaka alibeba televisheni na kitanda, dada akabeba friji na sofa. Alipofika kwenye maikrowevu akafungua mlango, akachungulia, akaona giza, akasonya. "Hii imekufa. Mwachieni Kitinda."

Kitinda alibaki na nyumba ya kupanga yenye mapazia, meza ya jikoni na mashine ile.

Siku moja alikuwa akipita mbele ya duka la vifaa vya umeme, miguu ikamwingiza yenyewe. Akamweleza muuzaji.

"Balbu yake inatolewa wapi?" muuzaji aliuliza.

"Nyuma kuna kifuniko kidogo, kina skrubu moja."

"Hapo sawa. Ingekuwa ya kufungua kasha zima, mama, ningekwambia uache. Mle ndani umeme unabaki hata ukichomoa plagi. Yako chomoa, iache ipoe, badilisha."

Akafanya hivyo. Akachomoa plagi, akageuza mashine, akalegeza skrubu kwa bisibisi, akaizungusha balbu iliyoungua ikatoka, nyeusi kama jino bovu. Akaweka mpya, akafunga kifuniko, akachomeka, akatia kikombe cha maji. Kimwanga kikawaka. Kikombe kikazunguka.

"Hivi tu?" alisema peke yake. "Hivi tu!" Akaipiga meza kwa kiganja mpaka bisibisi ikaruka sakafuni.

Maana kwa kikazi kama kile angeweza kumwomba jirani amtazamie mama, akachomoka mara moja dukani. Hakuomba. Alikuwa anataka waje wao. Alitaka waione ile kazi ya kumuuguza kwa macho yao, na mama akakaa gizani wakati yeye anangoja. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Dada alikuja baadaye kuchukua mapazia. Akamkuta Kitinda anapasha chakula, akasimama mlangoni.

"Kumbe nzima! Mbona ulituficha?"

"Nilificha nini?"

"Unatuacha tunaamini imekufa! Na mwanangu anahamia kwake, hana hata cha kupashia wali." Akampigia kaka papo hapo, akaweka spika. Sauti ya kaka ikatoka imechoka: "Mpe tu, Kitinda. Tusigombane kwa vitu vya marehemu."

"Kaka, unakumbuka nilikuomba fundi wa balbu?"

"Balbu gani?"

Akamgeukia dada. "Na wewe?"

"Mambo ya balbu yametoka wapi tena?" dada alisema, na usoni hakuwa na hila yoyote. Kweli alikuwa hakumbuki.

Kitinda akatoa chakula chake kabla hakijapata moto. Akachomoa plagi, akaosha sahani ya kioo, akaikausha, akaifunga mashine kwa shuka isigongwe. Akaibeba mwenyewe mpaka kwenye buti la gari.

"Usininunie bwana, sisi ni ndugu," dada alisema akifunga buti.

"Sijanuna. Taa nilimwekea mama. Imechelewa tu."

Dada akacheka kidogo, akidhani ni utani, akawasha gari. Mapazia aliyasahau.

Mwana wa dada alipooa, Kitinda alikwenda. Akakaa viti vya nyuma na majirani, akala, akampa bwana harusi mkono, akaondoka mapema. Dada akawauliza watu, "Hivi mdogo wangu siku hizi ana nini?"

Wakamwambia hawajui.