Dobi wa Uccle na Neno Asiloweza Kulitamka

Saa moja asubuhi, Donat Ngoy anautandaza mkono wa koti la kijeshi juu ya meza ya kupigia pasi. Anaulainisha kwa kiganja, anavuta pumzi, kisha anashusha pasi ya mvuke. Mkunjo unatokea, umenyooka kabisa.

Koti hilo ni la mzee mmoja mstaafu. Mwezi Novemba mzee huyo na wenzake watatembea kwa mstari katikati ya Brussels, medali kifuani, kuwakumbuka waliokufa vitani. Donat atasimama kando ya barabara, kama kila mwaka, akiwatazama.

"Makoti yao yote mimi njo nanyoosha," anasema. "Yangu iko mu armoire, mu kabati. Haitokake."

Donat ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Likasi, mji wa Katanga huko Kongo, akaletwa Ubelgiji na wazazi wake akiwa mtoto, akapata uraia, akaingia jeshini. Alifika cheo cha koplo, kisha akaachishwa kwa tabia mbaya.

Maneno hayo mawili hayajambanduka tangu siku hiyo. Mara mbili aliomba kazi ya ulinzi kwenye ofisi za karibu na kituo cha Schuman, na mara zote mbili aliulizwa aliondokaje jeshini. Akashika pasi. Siku hizi anasimama kutwa kwenye duka la dobi hapa Uccle, kusini mwa Brussels, na jioni anarudi Ganshoren, upande wa pili wa jiji, miguu imevimba.

Sasa ameiomba kamati inayopitia upya rekodi za wanajeshi wa zamani iyafute maneno hayo. Haombi fidia. Chama cha wanajeshi wa zamani hakimpokei mtu aliyefukuzwa kwa tabia mbaya, naye anataka kutembea kwenye ule mstari kabla magoti hayajamkatalia.

Kosa lenyewe halikatai. Miaka ishirini na minne iliyopita aliondoka kambini bila ruhusa, akarudi baada ya zaidi ya wiki. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu: nyumbani. Alipoulizwa alikuwa akifanya nini, alinyamaza, akawakazia macho wakubwa zake. Wakaona dharau.

"Habakukosea," anasema Donat. "Soldat anaacha poste, anarudia, anakuangalia tu bila kusema kitu. Mimi pia ningemufukuza."

Sijawahi kukutana na mlalamikaji anayewatetea waliomwadhibu kwa moyo mkunjufu namna hii. Wakili wake, Kahambu, ameshamsihi asiirudie hoja hiyo mbele ya kamati.

Alichokificha ni hiki. Mkewe, Mwadi, alikuwa amejifungua mapacha, wasichana wawili. Kwa Waluba wa Katanga mapacha huitwa mapasa, na hawatafutiwi majina: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Hawakuwa wamemaliza mwezi Kyungu alipofariki. Kabange alikuwa bado hospitalini, ndani ya mashine ya joto, akipumua kwa shida.

"Kwetu hatusemake mapasa amekufa," anaeleza Donat. "Tunasema amerudia. Ukilia, ukitaja ile neno, yule mwenye anabakia atamufuata mwenzake. Bon, mimi niko mukristo, nilisomaka. Lakini mutoto wangu alikuwa mu couveuse. Weye ungeenda kujaribisha pale?"

Mwadi anakumbuka kwamba hawakulia. Waliimba.

"Nyimbo za mapasa, zile za matusi zenye tunabaimbiaka wakizaliwa," anasema, na uso wake haujui ucheke au ufanye nini. "Tuliimba polepole mu corridor ya hospitali. Infirmière mwenye kutunza watoto alizani tuko tunafurahi."

Basi hawakumwambia mtu. Hata mchungaji wao hakuambiwa. Donat angewezaje kwenda kwa mkubwa wake kuomba ruhusa, wakati ruhusa yenyewe ilihitaji lile neno? Alivua magwanda, akaenda kukaa kando ya mashine ya joto hadi madaktari waliposema Kabange atapona. Ndipo akarudi kambini kupokea adhabu yake.

Mambo yangeishia hapo, lakini Novemba iliyopita Kabange, ambaye sasa ni mlezi katika kituo cha watoto wachanga, alimsindikiza baba yake kutazama mstari. Akamwona anavyowatazama wenzake.

"Nilimuuliza, Papa, juu ya nini weye huingie?" anasema Kabange. "Akaniambia, siku moja nilichelewa kurudia kazi. Alors nikauliza Maman. Nikajua ni juu yangu."

Ni yeye aliyemtafuta wakili. Kahambu, mwenyeji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, alidhani kesi ni nyepesi.

"Cheti cha hospitali tuko nacho, tarehe zinalingana," anasema. "Lakini kamati wanataka kusikia kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini alinyamaza."

Mwezi wa tano Donat aliitwa. Alivaa suti, akaketi, akaulizwa. Akanyamaza tena, vilevile kama zamani. Kabange alikuwa ameketi nyuma yake.

"Nilimusikia anakohoa," anasema Donat. "Kukohoa tu. Mdomo yangu ikafunga."

Inaumiza kulisikia hilo kutoka kwa mtu mzima mwenye mabega mapana. Kamati ilimpa nafasi moja zaidi, Alhamisi ijayo, na Donat alikuwa amekwisha kumwomba binti yake asije.

Saa sita mchana Kabange anaingia dukani, koti la mvua likichuruzika. Hakuja kubishana. Anavuta kiti, anakaa mbele ya meza ya pasi.

"Papa, Alhamisi nitakuja. Donc sema sasa, tusikie."

"Hapa?"

"Hapa."

Donat anaisimamisha pasi. Anafuta mikono kwenye aproni, ingawa ni mikavu. "Kyungu..." anaanza, anaacha. Anageukia dirisha.

"Papa. Maliza. Niko hapa."

"Kyungu alikufwa," anasema Donat.

Pasi inatoa mvuke. Barabarani tramu inapita. Donat amemkodolea macho binti yake, anamkagua uso, kifua, mikono, anasikiliza pumzi zake. Machozi yanamtoka na hayafuti. Kabange naye analia, lakini amekaa palepale, mzima, mwanamke wa miaka ishirini na minne mwenye viatu vilivyolowa.

"Niko hapa bado," anasema.

Donat anachungulia chini ya meza.

"Umekula?" anauliza.

"Bado."

Anatoa chakula chake chini ya meza, anakigawa, anampa fungu kubwa. Anachukua tena pasi, lakini haishushi.

"Alhamisi usikae nyuma," anamwambia. "Ukae mbele, pahali nitakuona."