Binamu Kapigwa Risasi

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa, katika ofisi moja ya Chake Chake. Karani, hedfoni masikioni na macho kwenye simu, akasema taratibu: "Wamempiga risasi binamu. Kafa."

Kisiwani kwetu neno risasi halichezewi. Bibi aliyekuwa mbele yangu akasema, "Inna lillahi," akajitanda kanga vizuri, akauliza tunavyouliza sote: "Anazikwa wapi, saa ngapi?"

Karani akacheka. Alicheka kweli.

"Ni gemu, Bi. Binamu yuko Maskati, hajambo, anafufuka sasa hivi. Zuri lake ni kwamba ni la bure, na linatukutanisha kila siku. Baya lake ni kwamba limejaa wachezaji wa hila, wanakuona hata nyuma ya ukuta."

"La bure," bibi akarudia, huku akikunjua karatasi iliyolowa jasho. "Mimi nimetoka Kojani tangu alfajiri. Mjukuu wangu hana cheti, skuli hawampokei. Huyo wako hufufuka mara ngapi kwa siku?"

"Hazihesabiki, Bi."

"Basi akifa tena, mwache kidogo. Niandikie huyu aliye hai."